Mwalimu Asiyehamishwa: Je, Karajan Anastahili Sifa Zake?

Katika mashindano ya muziki ya shule hapa Kenya, yale yaliyoanza mwaka 1927 na ambayo hadi leo hujaza mabasi ya wanafunzi, kuna ubishi ambao jaji hauwezi. Huamuliwa na barua ya uhamisho. Shule fulani imechukua kombe miaka mitatu mfululizo. Wengine wanasema ni mwalimu wa kwaya, ana mkono. Wengine wanasema mwalimu alikuta chakula kimepakuliwa: watoto wa pale wanaimba tangu chekechea, kanisani wanaimba, nyumbani wanaimba, hata ukimsimamisha bawabu mbele yao awapungie mkono watashinda. Kisha TSC, tume inayowaajiri walimu, inamhamisha mwalimu yule, anapelekwa shule ambayo haijawahi kuvuka ngazi ya kaunti. Subiri miaka miwili. Kombe likimfuata, ubishi umekwisha. Likibaki shule ya zamani mikononi mwa mwalimu aliyetoka chuoni juzi, ubishi umekwisha vilevile, ila mwisho wa namna hiyo haupigiwi vigelegele.

Nilizikumbuka barua hizo nikiwa South B, Nairobi, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye tumeimba naye kwaya moja miaka mingi, yeye tenori, mimi besi. Ana rafu nzima ya santuri na kinanda cha kuzichezea ambacho bado kinafanya kazi akikibembeleza. Siku hiyo alikuwepo mpwa wake, binti anayepiga fidla, na mzee alikuwa amemwekea Beethoven ya Herbert von Karajan, kiongozi wa okestra, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwa kinywaji cha akiba. Binti alisikiliza kwa adabu hadi mwisho wa upande wa kwanza, halafu akasema, "Mjomba, huyu hakupiga hata nota moja humu. Mbona kwenye jalada ni yeye peke yake?"

Mzee aliniangalia nimsaidie. Sikuweza siku hiyo. Haya ndiyo ningemjibu.

Tuanze na neno lenyewe. Nitatumia kondakta, na msomaji anayemwaza yule kijana anayening'inia mlangoni mwa matatu ya Jogoo Road hajakosea sana. Huyo hana usukani, wala si injini, lakini asipogonga bodi gari haliondoki, na namna anavyogonga ndiyo inayomwambia dereva kama aondoke polepole au akimbilie taa za barabarani kabla hazijageuka nyekundu. Kondakta wa okestra naye hatoi sauti. Kazi yake kubwa imeshafanyika kabla wenye tiketi hawajaketi: mazoezini, pale anaposimamisha watu themanini na kuwaambia besi kubwa wapunguze ili oboi, ala ya kupuliza, isikike, kisha akaomba mstari uleule tena, na tena. Jioni ya onyesho anakumbusha tu waliyokubaliana. Kwa hiyo swali la binti ni la haki, na kila anayesifu kondakta analazimika kulijibu: katika hii sauti tunayoisikia, kilicho chake ni kipi?

Kwa Karajan swali linakuwa gumu zaidi kwa sababu jina lake ni fundo la nyuzi kadhaa. Alizaliwa Salzburg, Austria, mwaka 1908. Alianza kazi katika jumba la opera la Ulm mwaka 1929, akahamia Aachen miaka ya katikati ya 1930, na mwaka 1938 gazeti moja la Berlin lilimwita kwenye kichwa cha habari "Muujiza Karajan". Baada ya vita alirekodi London, akaongoza opera ya Vienna kuanzia 1957 hadi 1964, akaanzisha tamasha lake la Pasaka mjini Salzburg mwaka 1967. Juu ya hayo yote kuna Berlin: aliongoza okestra ya Berliner Philharmoniker kuanzia 1955 hadi Aprili 1989, na Julai ya mwaka huohuo akafa. Miaka thelathini na minne kwenye okestra moja, kwa mkataba wa maisha. Kwa lugha yetu, ni mwalimu aliyepewa shule bora kuliko zote na asihamishwe tena.

Na shule ilikuwa bora kabla yake. Hili ndilo jambo ambalo mashabiki wake hulipita haraka. Okestra ya Berlin ni chama, kwa maana ileile ya vyama vyetu vya mzunguko: wanachama ndio wenye mali. Mwaka 1882 wanamuziki 54 waliokuwa wameajiriwa na mwenye bendi aliyeitwa Benjamin Bilse walimgomea. Mambo yalikuwa mengi, lakini lililomwaga maji ni kwamba alitaka kuwasafirisha hadi Warsaw kwa behewa la daraja la nne. Walijitoa, wakaunda okestra yao, na tangu hapo wao wenyewe huchagua nani acheze nao na nani awaongoze. Hans von Bülow aliwanoa, Arthur Nikisch akawalea, na kuanzia 1922 wakawa na Wilhelm Furtwängler, ambaye kijiti chake kilitetemeka hewani kiasi kwamba mgeni asingejua waanze lini. Wenyewe walijua. Walikuwa wamefundishwa na miaka mingi ya kutoonyeshwa waziwazi kusikilizana kwa masikio badala ya kungoja mkono. Sikiliza Simfoni ya Tano ya Beethoven waliyoirekodi naye 1947, mji ukiwa bado vifusi. Uzito ule wa besi, ule mwanzo unaochipuka kutoka chini badala ya kukatwa kwa kisu, upo tayari. Karajan hakuuleta. Aliukuta.

Kwa hiyo tuwe TSC kwa muda, tumhamishe. Bahati nzuri, santuri zinaturuhusu.

Tumpeleke kwanza London. Philharmonia iliundwa mwaka 1945 na Walter Legge, mtayarishaji wa rekodi, ambaye aliwaokota wapigaji hodari wa Uingereza waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Haikuwa na mila, haikuwa na babu. Karajan alifanya nayo kazi katika miaka ya kwanza ya 1950, na humo utamkuta mtu ambaye waliomfahamu kupitia Berlin peke yake hawamtambui: mwepesi, mkavu kidogo, anayekwenda mbele. Rekodi ya 1953 ya matamasha ya Mozart ya pembe ya Kifaransa, Dennis Brain akipuliza, haina mafuta hata tone. Okestra inampisha mpulizaji kama watu wanavyompisha mama mwenye mtoto mgongoni. Beethoven yake ya London ina mwendo huohuo wa kamba iliyovutwa. Hapa mwalimu anapita, tena vizuri: alipewa kundi jipya, na kwa miaka michache likawa miongoni mwa okestra nzuri za Ulaya. Ila tusisahau kwamba Legge alikuwa chumba cha pili akisikiliza kwa masikio makali, na waliochaguliwa walikuwa watu kama Brain.

Tumpeleke Dresden. Mwishoni mwa 1970 alivuka hadi Ujerumani Mashariki kurekodi opera ndefu ya Wagner, Die Meistersinger, na Staatskapelle ya pale, okestra kongwe yenye sauti laini ya kwake. Matokeo hayafanani na Berlin hata kidogo. Ni ya joto, ya kibinadamu, waimbaji wanasikika. Tumpeleke Vienna mwishowe: Wiener Philharmoniker hawajawa na kondakta mkuu wa kudumu tangu 1933, kila anayesimama mbele yao ni mgeni. Mwaka 1987 aliwaongoza katika tamasha la Mwaka Mpya, mzee wa mgongo mbovu akiongoza walzi, karibu hasogei. Novemba 1988 akarekodi nao Simfoni ya Nane ya Bruckner, miezi michache kabla ya kufa. Ukinilazimisha niokoe santuri moja ya Karajan kutoka kwenye moto, nitaingia kwa hiyo.

Sasa linganisha. Kilichobaki Berlin alipoondoka kwenda kwingine ni ule uzito wa besi, ile sauti nene ya fidla. Hiyo ilikuwa mali ya chama. Kilichomfuata kila alikokwenda ni vitu viwili. Kimoja ni urefu wa mstari: nota inashikana na inayofuata bila ufa, upinde wa fidla haujulikani umegeuka wapi, na wimbo unapumua mbali sana, kama muimbaji mwenye mapafu mawili ya akiba. Kingine ni subira na kilele. Wanakwaya tunaujua ugonjwa wa kupiga kelele mapema. Tukifika mahali pa kupaza hatuna pa kupandia. Karajan alikuwa bahili na sauti kubwa. Anaweka akiba kwa dakika kumi na tano, na siku ya kuitoa unaona aibu kwamba ulidhani umeshasikia kubwa. Hivi viwili ni vyake. Havikuja na jengo.

Vilipatikanaje? Hapa ndipo penye yale macho yaliyofumbwa, ambayo watu huyaona kama mbwembwe. Alikuwa akikariri kazi nzima, akafumba macho, akaongoza. Mwalimu wetu wa kwaya akifumba macho besi tunasinzia, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kumcheka. Lakini fikiria upande wa mpigaji. Kama kondakta hakuangalii, huwezi kumngoja akunong'oneze zamu yako kwa jicho. Inabidi usikilize oboi, uangalie mgongo wa kiongozi wa fidla za kwanza, ambaye kwa muda mrefu, kuanzia 1957 hadi 1985, alikuwa Michel Schwalbé. Watu themanini wanacheza kama wanne wanaokaa meza moja. Karajan mwenyewe alipenda kusimulia alivyojifunza kupanda farasi: alihofia atamwinuaje mnyama mzito namna ile juu ya kizuizi, akaambiwa huinui farasi, unamweka sawa na anajiinua mwenyewe. Kwenye opera alifumbua macho, kwa sababu muimbaji aliye jukwaani umbali ule akipotea anahitaji kuonwa. Kwa hiyo hakuwa kipofu wa maigizo. Ilikuwa njia ya kufundisha, na ilitegemea kitu kimoja kikubwa: wapigaji waliokwisha kuzoea kusikilizana. Nani aliwazoeza? Rudi kwa Furtwängler na kijiti chake kinachotetemeka. Sifa hapa haigawanyiki kwa kisu, na anayedai anaweza kuigawa anakuuzia kitu.

Yapo ambayo njia hiyo ilimshinda. Bach wake ni sofa. Vivaldi wake pia. Mstari ule mrefu usio na ufa, ambao kwa Bruckner ni neema, kwa muziki wa karne ya kumi na nane ni kumfunika mtu anayezungumza kwa blanketi, kwani muziki ule una silabi na mkato, karibu ni maneno. La kuchekesha ni kwamba mtu aliyekuja kuwafundisha Wazungu kuusikia upya, Nikolaus Harnoncourt, aliajiriwa kupiga selo katika okestra ya Wiener Symphoniker mwaka 1952, na aliyemchukua ni Karajan. Mwaka uliofuata Harnoncourt akaanzisha kundi lake la ala za kale. Mwanafunzi alikaa darasani, akaona kosa, akaenda kujenga shule ng'ambo ya barabara.

Na hata kwa Beethoven, jina lake kuu, sifa haikai sawa miaka yote. Alizirekodi simfoni zote tisa kama seti mara nne: mara moja London, mara tatu Berlin. Seti ya 1961 na 1962, iliyouzwa mwaka 1963 kwenye kasha la santuri nane, ndiyo iliyokuwa ikizunguka kwenye kinanda cha mzee, na ndiyo ninayoitetea. Ina kasi ya London na mwili wa Berlin. Ya miaka ya 1970 ni nzuri, imenenepa. Ya 1982 hadi 1984, ya kidijitali, inang'aa kama gari lililopakwa rangi upya na kila nikiisikiliza natafuta mtu ndani sioni. Sehemu ya sababu ni chumba: seti ile ya kwanza ya Berlin ilirekodiwa katika kanisa la Jesus-Christus huko Dahlem, kuta zenye mwangwi wa asali, na ya mwisho katika ukumbi wa Philharmonie uliofunguliwa 1963. Chumba nacho ni mpigaji. Hakuna anayekisifu kwa jina.

Basi kwa nini jina lilizidi kukua huku kazi ikipungua makali? Kwa sababu ya mashine. Karajan alielewa kabla ya wenzake karibu wote kwamba karne ile ya ishirini mtu atasikiliza muziki sebuleni. Kila teknolojia ilipobadilika alirekodi upya: mono, stirio, dijitali. Filamu za maonyesho yake nyingi zilipigwa picha juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa, kamera ikiwa usoni kwake na wapigaji wakibaki safu za pinde zinazopanda na kushuka. Diski ndogo zilipotambulishwa mwaka 1981, alikuwa Salzburg akizipigia debe pamoja na watu wa Sony. Si kosa kuwa mfanyabiashara. Ila duka likijaa jina moja, mnunuzi wa South B aliyepata mshahara wake wa kwanza miaka ya sabini hakuwa akichagua Karajan dhidi ya mtu mwingine. Alikuwa akichagua kilichokuwepo. Mzee alikiri hivyo mwenyewe. Carlos Kleiber, kondakta mwenzake aliyerekodi kidogo mno, alipata sifa ya kinyume, ile ya mgeni asiyekuja ambaye kila mtu anamsubiri. Na Simfoni ya Tano ya Beethoven aliyoirekodi Vienna mwaka 1974 inanitisha kuliko Tano yoyote ya Karajan. Kondakta mwingine, Sergiu Celibidache, alikataa santuri karibu kabisa. Alikuwa ameiongoza okestra ya Berlin mamia ya mara tangu 1945, Furtwängler akiwa amefungiwa na washindi wa vita, na alidhani ni yake. Furtwängler alipokufa Novemba 1954, safari ya Marekani ikikaribia, chama kilimchagua Karajan, aliyesema ataiongoza safari akihakikishiwa urithi wa maisha.

Katika safari hiyo, mwaka 1955, New York ilimpokea kwa mabango ya kumpinga nje ya ukumbi wa Carnegie Hall. Uzi huu hauwezi kurukwa. Karajan alijiunga na chama cha Wanazi. Alikuwa akieleza kwamba ni mwaka 1935, sharti la kupata kazi ya Aachen. Nyaraka zinaonyesha aliomba uanachama Salzburg tangu Aprili 1933, wakati hakuna aliyemdai karatasi hiyo. Washindi wa vita walimfungia, wakamwachia mwaka 1947. Wengi hulichukua jambo hili kama dhambi ya pembeni: muziki huku, siasa kule. Mimi naona limo ndani ya hesabu yenyewe ya sifa. Mwaka ule wa 1933 Bruno Walter, kondakta Myahudi, alizuiwa kupanda jukwaani Leipzig na Berlin. Mwenzake Otto Klemperer alikimbia. Fritz Busch, ambaye hakuwa hata Myahudi, alifukuzwa Dresden. Kijana wa Aachen alipanda ngazi ambayo waliokuwa juu yake walikuwa wamesukumwa. Kipaji kilikuwepo, lakini katika mashindano ambapo shule nzuri zimezuiwa getini, hata kombe la haki lina doa. Na kanisa lile la Dahlem, lililompa sauti ya asali, lilikuwa mimbari ya mchungaji Martin Niemöller, aliyekamatwa na Wanazi mwaka 1937. Kuta hazina la kusema.

Mwisho wa hadithi yake na chama cha wanamuziki ulikuja kwa klarineti. Mwaka 1982 alitaka Sabine Meyer, kijana wa miaka ishirini na kitu, aajiriwe. Wanachama walipiga kura: 73 wakamkataa, 4 wakakubali. Walisema sauti yake haichanganyiki na yao. Nje watu walihesabu kwamba okestra hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imemkubali mwanamke wake wa kwanza mwaka huohuo. Karajan akatishia kuwafutia safari na rekodi, yaani kuwashika mfukoni. Meyer alikaa kwa muda wa majaribio, akajiondoa, akaja kuwa mmoja wa wapiga klarineti wanaojulikana zaidi duniani. Kuhusu sikio, Karajan alikuwa sahihi. Kuhusu nyumba ni ya nani, alikuwa amesahau.

Jibu langu kwa binti, basi, lina vipande visivyolingana. Kama mwalimu wa mazoezi, mtu anayeweza kuwafanya watu mia wapumue kwa pafu moja, Karajan anastahili kila neno, na London na Vienna zinamshuhudia. Kama mfasiri wa kila kitu kutoka Bach hadi Schoenberg, hastahili hata nusu. Msikilize katika Sibelius ya 1965, Honegger ya 1969, Mahler ya Tisa ya 1982, kazi ambazo hazimo kwenye matangazo, na utamkuta akiwa bora kuliko kwenye zile zilizomtajirisha. Kama ile sura ya fedha iliyofumba macho juu ya jalada, anadaiwa. Anadaiwa na Schwalbé, na oboi ya Lothar Koch, na klarineti ya Karl Leister, na James Galway, Mwairishi wa Belfast aliyepuliza filimbi pale kuanzia 1969 hadi 1975 na ambaye ilibidi aondoke ndipo watu wa kawaida wamjue.

Jumapili iliyofuata nilirudi South B nikamwambia mzee sehemu ya haya. Hakubishana. Aliomba mpwa wake alete lile kasha la Beethoven, wakaligeuza pamoja wakitafuta majina. Binti alisoma kwa sauti kila herufi iliyokuwa nyuma. Lilikuwepo jina la fundi wa mitambo ya sauti. Lilikuwepo jina la kiwanda. Akamuuliza mjomba wake kama kuna karatasi nyingine ndani, mzee akaingiza mkono hadi kwenye kona ya kasha, akatoa risiti.